Tutengeneze Kitu Kimoja Nyumbani

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wa wazazi na vijana wa mtaa wetu, hapa Tanga mjini. Wengi mlikuwa kazini au safarini mkaniomba niiweke yote. Nimeiacha kama ilivyosemwa, isipokuwa picha za ukutani.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na nyinyi wanangu mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee, shikamooni.

Naomba nianze kwa kuwauliza. Nani hapa nyumbani kwake ana kamba ya kuanikia nguo? Nyoosheni mikono. Naona karibu wote. Haya, sasa abaki amenyoosha yule ambaye kamba yake ni ya katani, yaani nyuzi za mkonge. Namwona mzee mmoja pale, na mama mwingine mlangoni. Basi? Hao tu?

Ndugu zangu, si tuko Tanga?

Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza vichipukizi 1,000 vya mkonge kutoka Florida, Marekani. Safari ilikuwa ndefu, vikafa njiani. Vilivyofika hai vilikuwa 62. Kwa mbegu hiyo ya miche 62 yakaota mashamba ya Muheza, Korogwe, Pangani, Hale, na kwingineko nchini, hata kufikia mwaka 1964 nchi yetu ikawa inatoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, na duniani hapakuwa na wa kutufikia. Wangapi humu ndani babu zao walikuja mkoa huu wakiwa manamba, vibarua wa mashamba yale? Wangapi mmelala katika nyumba zilizojengwa kwa mshahara wa kukata mkonge?

Kisha zikaja kamba za plastiki, zitokanazo na mafuta ya petroli, bei ikaanguka, mashamba mengi yakageuka vichaka. Leo mjukuu wa manamba anaingia dukani ananunua kamba ya plastiki iliyovuka bahari. Anaifunga uani. Jua la hapa kwetu mnalijua. Haipiti muda mrefu kamba ile inaanza kuchanika vinyuzinyuzi, ukiigusa inamwagika unga wa bluu mkononi, na nguo zilizofuliwa ziko mchangani. Anarudi dukani. Ananunua nyingine.

Sikuja kumlaumu mtu kwa kamba yake. Nimefundisha Sayansi Kimu kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mwalimu wa somo lile anazijua nyumba za watu: anajua kwa nini mama hununua kilicho karibu na kilicho rahisi. Nimekuja kusema jambo moja tu, na nitalirudia hadi mlichoke. Nyumba isiyotengeneza kitu chochote haina ubavu wa kubishana na bei. Bei ikipanda, inalipa. Ikikosa cha kulipa, inakopa. Na siku hizi mnajua inakopa kwa nani. Inakopa kwa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba ya kuumiza.

Mtaniambia, mwalimu, haya ni mambo ya zama hizi, ya simu na matangazo. Hapana. Hebu twende Kilwa kidogo.

Katika miaka ya 1960 mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa Kisiwani. Pamoja na fedha za sultani na vyombo vya Uchina, katika udongo ule vilipatikana vigae vya vyungu vilivyovunjika, vimechongwa mviringo na kutobolewa tundu katikati. Mtu asiyejua angevitupa. Lakini vilikuwa vya kusokotea uzi: unakipachika kigae kwenye kijiti ili kukipa uzito, unakizungusha, pamba inajivuta na kujisokota kuwa uzi. Yaani chungu kilipovunjika, mtu wa Kilwa hakukitupa chote. Alichukua kipande akakifanya chombo cha kazi. Kilwa walisokota. Pate, kisiwa cha karibu na Lamu, walifuma hadi hariri. Na Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikuta wanafuma nguo zilizosifika, zikisafirishwa hadi Misri. Watu wa pwani hii hii, ndugu zangu. Misri ikinunua kwetu.

Mwaka 1833 Marekani ikatiliana saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Meli zikaanza kuja Unguja zimejaa nguo za viwanda vya Massachusetts, ile mnayosikia wazee wakiiita merikani. Na niseme kweli, haikuwa nguo mbaya. Ilikuwa nzito, imara, na rahisi kuliko iliyosokotwa kwa kigae. Nani angeikataa? Ikaingia bara na misafara hadi ikawa fedha yenyewe: mtu anauza pembe, analipwa kwa merikani. Kidogo kidogo sehemu nyingi za pwani zikaacha kusokota.

Kisha mwaka 1861 Wamarekani wakaanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ikaadimika, na ile merikani ikapungua sokoni. Je, watu wa pwani walirudi kwenye vigae vyao? Wengi hawakurudi. Wakasubiri nguo za Uingereza na za Uhindi. Ujuzi ukikosa mikono kwa kizazi kimoja, kizazi kinachofuata hakijui hata pa kuanzia, na hilo ndilo ninaloliogopa kuliko umaskini. Umaskini mtu anaweza kuutoka. Ila mama akifa na ujuzi wake, bintiye ataununua kwa nani?

Wazee waliomo humu wanakumbuka ukata wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, baada ya vita vya Kagera. Vijana, waulizeni. Duka la ushirika lilikuwa na rafu tupu na foleni ndefu. Sabuni ilikuwa habari ya mji: ukisikia imefika, unaacha chungu jikoni unakimbia. Watu walifulia majani ya mpapai. Walivaa makatambuga ya mpira wa gari, na waliyachonga wenyewe.

Sitaki mtu atoke hapa akisema mwalimu amesifu ukata. Ulikuwa mateso, na watoto waliumwa upele kwa kukosa sabuni. Lakini katika mtaa tuliokuwa tukiishi palikuwa na mama mmoja mtu mzima, sote tukimwita Mama Mkubwa, ambaye kwake sabuni haikuisha. Alikuwa akichoma makumbi ya nazi, akachukua majivu yake, akayatia katika chungu chenye vitundu kilichotandikwa nyasi, akamimina maji juu yakachuruzika taratibu hadi kwenye chombo cha chini. Yale maji yalikuwa ya rangi ya chai na yenye utelezi kidoleni. Aliyapima kwa yai: yai likizama, maji bado mepesi, yanarudishwa kwenye majivu mapya. Yai likielea na kuonyesha kichwa kidogo juu, yamefikia. Hapo anayachemsha na mafuta ya nazi, anakoroga, anakoroga, mpaka yanashikana kuwa uji mzito wa kahawia. Sabuni ile haikugandika kuwa mche. Ilibaki laini, ukaichota kwa kifuu. Lakini ilitoa povu na ilitoa uchafu, na majirani tulikwenda na vifuu vyetu.

Hakuwa na cheti, na wala hakuwa na fedha kutuzidi. Alikuwa amefundishwa na bibi yake, na alikuwa hajaacha kufanya. Kwa hiyo rafu zilipokuwa tupu, yeye hakusimama kwenye foleni ile. Hamuoni ukubwa wa jambo hilo? Nchi nzima inasubiri, na nyumba moja haisubiri!

Basi tukae hapo kwenye sabuni, maana ndiyo ninayotaka tuanze nayo. Siku hizi hatuna haja ya majivu, kostiki soda, ile kemikali kali inayofanya kazi ya majivu, ipo madukani. Sikilizeni vizuri, na wenye simu andikeni. Kilo moja ya mafuta ya nazi, gramu 174 za kostiki, na maji gramu 350 hivi. Nimesema gramu, sijasema kijiko wala kikombe. Ni lazima upime kwa mizani, mafuta, kostiki na hata maji, kwa sababu kostiki ikizidi sabuni inakula ngozi, na ikipungua sana inabaki na mafuta. Hiyo ni ya kufulia. Ukitaka ya kuogea kwa mafuta ya nazi peke yake, punguza kostiki ifike gramu 146, mafuta kidogo yabaki huru yasiukaushe mwili.

Halafu kuna sheria ambazo sitaki mtu azivunje hata siku moja. Kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye kostiki, kamwe, kwa sababu yatachemka na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini. Kostiki inaila na kutoa gesi inayoshika moto. Tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Vaa glovu, funika macho kwa miwani ya kazi, fanya kazi penye hewa, na watoto wawe mbali kabisa, si pembeni. Ikikurukia, maji mengi ya bomba, mengi, bila kuacha, kisha hospitali. Nimewaambia wanafunzi wangu kwa miaka yote ile: asiyeziheshimu sheria hizi aendelee kununua sabuni dukani, na wala sitamwona mnyonge.

Maji ya kostiki yakishapoa, unayamimina kwenye mafuta taratibu huku unakoroga upande mmoja. Mwanzoni utaona mafuta na maji vinakataana. Usikate tamaa. Baada ya muda mchanganyiko unaanza kuwa mzito na kupauka, ukiinua mwiko ukachora mstari juu yake, mstari unabaki. Hapo mimina kwenye kibao cha kumiminia, yaani kisanduku cha mbao, funika. Kesho yake ukate miche kabla haijawa ngumu ikaanza kupasuka. Kisha iache penye kivuli na upepo, wiki nne au zaidi. Vijana huniuliza, wiki nne zote, mwalimu? Ndiyo. Sabuni inakauka, inakuwa ngumu na ya upole kwa ngozi. Duka limetuzoesha kupata kitu saa ileile tunayokitaka, na hilo nalo ni la kujifunza upya, kwamba kitu kizuri kinaweza kupangwa leo kwa ajili ya mwezi ujao.

Na sabuni ya nazi ina sifa ambayo sisi wa pwani tungepaswa kuiimba. Visima vyetu vingi vina maji ya chumvi. Sabuni nyingi humo zinagoma, unasugua mche mzima hupati povu. Sabuni ya mafuta ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari. Mnazi unaota mlangoni kwako, unavumilia chumvi ileile unayoilalamikia, na ndio unaokupa sabuni ya kuishinda. Kwa nini basi tunauza nazi mbichi na kununua sabuni?

Sasa nageukia akina baba, na naomba mnisikilize bila kukunja nyuso.

Kila tunaposema tutengeneze nyumbani, anayetengeneza ni nani? Tuseme ukweli hapa mbele ya watu. Ni mama. Ameamka kabla ya adhana, amechota maji, amepika, ametoka kwenda kuuza maandazi, amerudi, halafu aje mwalimu amwambie pika na sabuni! Huo utakuwa mzigo mwingine juu ya kichwa kilichokwisha kubeba. Mimi sikubali wazo hili liwe kazi mpya ya wanawake. Likiwa hivyo, bora tununue.

Uhindini, Gandhi alipowaambia watu wasokote uzi nyumbani wasitegemee nguo za Uingereza, hakuwaambia akina mama peke yao. Yeye mwenyewe, mwanasheria aliyesoma London, alikaa chini na gurudumu lake akasokota. Na mwishoni mwa mwaka 1924 chama chake cha Congress, kilichopigania uhuru wa Uhindi, kiliweka sharti la uanachama: kila mwezi yadi 2,000 za uzi uliosokotwa kwa mkono. Mawakili, madaktari, wanasiasa wakubwa! Sharti lile lilizua ubishi na halikudumu, maana walikuwepo waliosema hawana muda. Lakini fikirini maana yake. Mtu anayetaka kuongoza wengine aonyeshe kwanza uzi wake.

Basi baba, uzi wako uko wapi? Wewe unayejua kupiga randa, ni lini mara ya mwisho umetengeneza kigoda cha nyumbani kwako? Kumimina sabuni ni kazi ya nguvu na ya vipimo. Kwa nini usiishike wewe? Mtoto wa kiume wa darasa la saba anashindwaje kushona kifungo? Nimefundisha wavulana kushika sindano, na hawajapungukiwa na kitu. Nyumba itakayofanikiwa katika hili ni ile ambayo kazi imegawanywa kabla mafuta hayajanunuliwa.

Kuna kijana amenyoosha mkono tangu mapema, na swali lake nalijua kwa sababu huulizwa kila mahali: sote tukijitengenezea, fundi na muuza duka watakula wapi? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba anayetengeneza kitu kimoja bado ananunua mia. Sabuni yangu inahitaji mafuta, na mafuta nayanunua kwa mama wa Pangani. Kibao cha kumiminia amekitengeneza seremala wa mtaa huu. Fedha yangu haijaacha kutembea, ila imetembea karibu zaidi. Tena mtu aliyewahi kushona gauni moja kwa mkono wake hawezi tena kumpunja fundi cherehani. Anajua kola inavyosumbua. Anayebishana na fundi hadi senti ya mwisho, mara nyingi hajawahi kushika mkasi.

Na msisubiri serikali zitufanyie. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba hatua kwa hatua ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, serikali yao ikatishia kutufungia soko lao. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ikashikilia, na mwaka 2018 nguo zake zikanyimwa nafuu ya kodi kule. Mnaona ilivyo vigumu nchi nzima kukataa kitu! Lakini wewe na familia yako, kuamua kwamba suruali iliyochanika goti itatiwa kiraka na si kutupwa, mnahitaji mkutano wa marais?

Mimi sipigi vita mitumba, watoto wengi hapa wamevishwa nayo. Ninachosema ni kuwa shati la mtumba lenye kitambaa kizuri ni malighafi. Mkatie mtoto kaptura.

Nimalizie na vikapu, kwa ufupi kwa sababu muda umekwenda. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Bara. Wenzetu wa Zanzibar walianza zamani. Wiki zile za kwanza mliona wenyewe: vikapu vya ukili vilitoka kwenye dari, vikatolewa vumbi, watu wakavibeba sokoni kwa fahari. Nilifurahi sana. Nilidhani wasukaji wetu wamepata siku yao. Haikupita muda ikaja mifuko mingine ya kiwandani, laini, ya rangirangi, inayochanika haraka, na vikapu vikarudi darini. Marehemu Profesa Wangari Maathai alikuwa akiwahimiza Wakenya warudi kwenye viondo, vikapu vyao vya mkonge, badala ya plastiki, na kwa kweli alikuwa anasema nasi pia.

Mama mmoja ameketi hapa mbele ana kikapu chake miguuni. Mama, tuonyeshe. Asante. Tazameni: shupatu, ule ukanda mrefu, limesukwa kwa miyaa, majani ya kusukia, iliyochovywa rangi, kisha likazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu kuanzia kitakoni. Tafuteni mshono, hamuuoni. Mishikio imepitishwa chini ya kitako ili mzigo usiing'oe. Ananiambia amekisuka mwenyewe na anakwenda nacho sokoni tangu mwanawe wa mwisho akiwa mgongoni. Mwanawe huyo ndiye aliyetushikia kipaza sauti hapa, na sasa ana ndevu.

Basi tupangane. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi, uani kwa Mwenyekiti, tutamimina sabuni. Kostiki nitaileta mimi na nitaipima mimi. Kila nyumba ije na nusu kilo ya mafuta ya nazi, ndoo ngumu, glovu, na watu wawili, mmoja wao awe mwanamume. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Mama wa kikapu amekubali kuwafundisha wasichana na wavulana kusuka shupatu baada ya hapo, ila anasema miyaa mje nayo mmekwisha ichana nyembamba, kwa sababu yeye hatamchania mtu. Na anayetaka kamba ya katani anione mlangoni, tuandikishane majina tukanunue nyuzi kwa pamoja, maana yule mzee aliyenyoosha mkono mwanzoni anajua kusokota na amesema atafundisha bila malipo.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.